Mgeni Asiyekula Chumvi

Kansanga, Jumapili, 12 Machi 1995

Leo nimeanza kuandika, na sababu ni kwamba mwandishi wa vitabu amekula chakula nyumbani kwangu. Sisemi mwandishi wa gazeti, wala yule anayewaandikia watu barua pale posta. Huyu amechapishwa, ana picha yake nyuma ya kitabu, na picha inafanana naye isipokuwa masikio. Nimemtazama akikata nyama na kujifuta mdomo, nikawaza, kumbe ni mtu wa mikono miwili kama sisi. Mimi Celestine Ajwang nilimaliza darasa la saba kule Ugenya, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiubandika ukutani. Nimemwomba Akot daftari. Msimu huu wa mvua nami nitaandika, nione kuna nini ndani ya kazi hiyo.

Mgeni anaitwa Bwana Ansel Toulon. Kwao ni Dominika, kisiwa cha Karibea, upande ule wa dunia ambako mababu zao walipelekwa na meli kutoka huku wakiwa wamefungwa. Alianza na mashairi, akaja na hadithi ndefu, London wanamjua. Chuo kikuu kimemleta Kampala kufundisha mpaka mwisho wa Mei. Na katika walimu wote pale mlimani, nani anaandika kitabu cha maisha yake? Akot wangu. Nilimzaa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake, na tangu siku hiyo hajashindwa mtihani. Mgeni amewakataa wengine wote waliotaka kuandika habari zake, amemkubali yeye tu, na kwa msimu huu tu. Akiondoka kabla hajamaliza kusimulia, kitabu cha mwanangu hakipo.

Alikuja na sukari, mkate mrefu, na mwavuli mpya wa baba Akot. Alikaa miguu pamoja, macho chini. Alimwomba mume wangu ruhusa ya kuja hapa mara kwa mara wafanye kazi yao, kwa sababu ofisi ya Akot inavuja. Mke wake alikufa zamani. Haya yote niliyasikia, nikayaweka pamoja, na alipoinuka akaninyooshea mkono wa kwaheri nikarudisha mikono yangu nyuma ya mgongo. Kwetu Waluo mama hamshiki mkwe mkono, hali naye, hakai naye kiti kimoja. Ni heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo.

"Baba Akot, umeona?" nilimwuliza Oduor walipoondoka.

"Nimeona mwavuli. Ni mzuri."

"Mtu haleti mwavuli bure."

"Umemwuliza mtoto?"

"Mambo haya hayaulizwi. Yanaonekana."

Kitu kimoja tu cha ajabu: hali chumvi. Aliomba kwa adabu apikiwe bila chumvi. Labda ni presha.

Jumatatu, 13 Machi

Mvua. Nimeshona sare za shule tangu asubuhi.

Jumatano, 15 Machi

Concy amekuja kuazima pasi. Huyu ni jirani yangu, Mwacholi wa Gulu, mke wa Obita askari polisi. Lugha yake na yangu zimetoka tumbo moja, lakini tukiwa wawili tunasema Kiswahili, chake ni cha kambini. Nimemwambia habari ya mkwe.

"Huyo iko na miaka ngapi?" akauliza.

"Ana mvi kidogo."

"Kidogo namna gani? Mimi niliona yeye akishuka kwa gari. Mzee sawa na baba yangu."

"Watu wa vitabu huota mvi mapema. Ni taa."

"Haya, ni taa. Lakini kama ni mkwe, utakaa naye aje katika chumba moja? Kwetu mama akikutana na mkwe njiani anaingia kwa majani."

"Hata kwetu."

"Sasa hapa Kansanga majani iko wapi?"

Tulicheka, ila swali lilikuwa la kweli. Chumba changu cha mbele ndicho sebule na ndicho duka. Cherehani iko karibu na mlango, viti viko upande wa pili. Mkwe akija, mimi nijifiche wapi? Chini ya cherehani?

Jumamosi, 18 Machi

Nimeshuka Kisenyi kwa yule Msomali wa vitambaa vya jumla. Nimepata kitenge cha kijani kibichi chenye kasuku wa zambarau, kasuku wakubwa, kila mmoja kama kuku. Nimekikata pazia, pindo nimelishona mara mbili, nimelining'iniza katikati ya chumba kutoka ukuta mpaka ukuta. Kila mteja aliyeingia aliuliza ni la nini. Nikajibu, la heshima. Heshima ya nani? Basi nikajibu na hilo. Kufikia jioni, kuanzia kwa mchinjaji mpaka ile baa ya ng'ambo ya barabara ya Ggaba, kila mtu alijua Celestine ana mkwe wa ng'ambo aliyeandika vitabu. Sikutangaza. Niliulizwa.

Jumanne, 21 Machi

Bwana Toulon alifika kabla ya Akot, ambaye mkutano wa walimu ulimchelewesha. Oduor alikuwa kwa wenzake wastaafu wa reli. Kwa hiyo tulikuwa yeye upande wa viti, mimi upande wa cherehani, kasuku katikati. Mvua ilikuwa kubwa.

"Mama Akot, uko hapo?" akasema.

"Nipo."

Kiingereza changu ni cha darasani na cha wateja, yeye naye amejifunza Kiswahili kidogo kwa kaseti. Anaongea polepole. Kati ya hivyo viwili tunaelewana, na hapa nayaandika kwa Kiswahili.

"Unashona nini?"

"Gauni la bi harusi."

"Hao ndege ni wazuri. Kwetu tuna kasuku wa rangi hiyo hiyo, yuko mpaka kwenye bendera."

Nilifurahi, nikasema Msomali alitaka kuniuzia cha maua. Kisha akasema naye aliwahi kufanya kazi ya nguo. Nikasimamisha cherehani. Akiwa kijana, alipofika London kutoka kisiwani, kazi aliyopata ilikuwa ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, yeye na wanawake wa visiwa mbalimbali. Mashine ya pasi ilikuwa ikifunguka na kufunga kwa mvuke, na kila ilipofunga alipata mstari wa shairi. Aliusema kwa sauti ili asiusahau, na wale wanawake wakiupenda walimwambia, rudia. Wasipoupenda waliendelea kukunja. Hivyo ndivyo kitabu chake cha kwanza kilivyotungwa, pale kwenye joto.

"Nani alikutuma uandike?" nikauliza, kwa kuwa jambo hilo limenisumbua.

Akacheka. "Hakuna. Ndiyo shida yake."

"Unajuaje shairi limekwisha?"

"Wewe unajuaje gauni limekwisha?"

"Nikimwona jirani amenuna."

Alicheka mpaka akakohoa. Kutoka moyoni, siyo kicheko cha wageni. Mkwe wangu ana kicheko kizuri.

Ijumaa, 24 Machi

Umeme hakuna. Nimepiga pasi ya makaa, moshi machoni. Kuandika leo sina la kuandika. Sijui wenye kazi hii hufanya nini siku kama hizi.

Jumanne, 28 Machi

Nimemwuliza Bwana Toulon. Amesema siku kama hizo hukaa mezani hivyo hivyo, kama mtu aliye kituoni na hajui kama basi lipo.

Sasa amezoea kuja mapema. Anaketi, anasikiliza cherehani, kisha anaanza mwenyewe. Leo amesimulia upepo. Alikuwa amerudi kisiwani na mke wake, anafundisha shule, ameandika hadithi ndefu kwa muda mrefu. Ukaja upepo mkubwa, ukabeba paa la nyumba na hadithi yote pamoja, karatasi zikanata kwenye migomba kijiji kizima. Watoto walimletea moja moja, maandishi yamefutika. Akakaa chini akaiandika upya kutoka kichwani, ikawa fupi kuliko ile ya kwanza, na hiyo fupi ndiyo iliyopata tuzo London.

Nikamwambia, wakati wa vita niliifukia cherehani hii uani tukakimbia, na niliporudi nikaichimbua, sikukumbuka vipimo vya mteja hata mmoja. Niliwashonea kwa kukisia. Hakuna aliyelalamika, lakini pengine ni kwa sababu wote tulikuwa tumekonda.

Akot alipoingia walianza kazi yao. Nasikia anauliza vizuri, mwaka gani, nani mwingine alikuwepo, na mgeni anajibu kwa neno moja moja, kama mtu mbele ya daktari.

"Mama, wewe anakuambia nini?" Akot ameniuliza baadaye.

"Mambo ya nyumbani tu."

"Mimi hanifungukii. Nina kurasa za tarehe. Sina mtu ndani yake."

Moyoni nilifurahi, Mungu anisamehe. Mkwe anamheshimu mama mkwe kuliko mchumba, si ndivyo inavyotakiwa?

Jumapili, 2 Aprili

Sufuria zimechanganyika, ile isiyo na chumvi akapewa baba Akot. Amekula nusu sahani kimya, kisha akauliza, "Hii ni adhabu ya nani?"

Alhamisi, 6 Aprili

Leo nimemwuliza kuhusu chumvi. Nilianza kwa kuzunguka, nikasema dada yangu ana presha. Akasema, "Mimi sina presha, mama Akot." Mvua ilikuwa ndogo, ya kunong'ona. Halafu akasema mwenyewe.

Alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akioka mikate ya muhogo na kuiuza. Bibi huyo hakutia chumvi mdomoni maisha yake yote. Wazee wake, wale walioletwa na meli, walisema mtu asiyekula chumvi hubaki mwepesi, na siku moja ataweza kuruka juu ya bahari arudi kwao, Afrika. Anayekula chumvi huwa mzito, hubaki pale pale. Watoto walimcheka. Yeye pia alimcheka, akala chumvi kama wengine, akaenda London, akaandika yale yote. Lakini barua ya chuo ilipomfikia kumwita Kampala, aliamka asubuhi, akalitazama yai lake, na hakuweza kulitia chumvi.

"Mimi ni mtu wa shule," akasema. "Najua ndege hubeba watu waliokula chumvi. Lakini nilitaka kuja kama alivyotaka kuja yeye."

"Utaila lini?"

"Nikifika."

"Lakini umefika. Uko Kansanga."

Niliona viatu vyake chini ya pazia, vimeelekea upande wangu.

"Bado sijui, mama," akasema.

Sikuelewa. Nimeandika kama alivyosema. Labda mtu mwingine ataelewa.

Jumapili, 9 Aprili

Matawi. Kanisani nimekaa mbele, na gauni langu jipya limeonekana.

Jumamosi, 15 Aprili

Soko la Kalerwe mpaka magotini matope, lakini kule ndiko kwenye vitu. Kuku wawili, ndizi za matooke, nyanya ngumu. Kesho mkwe anakula Pasaka kwangu mbele ya watu. Nimewaalika Concy na Obita. Concy anataka kuona kama nitaweza.

Jumapili, 16 Aprili, Pasaka

Niandike yote, kwa sababu sijui nilikosea wapi.

Nyumba ilijaa. Pazia nililikunja pembeni, viti vilihitaji nafasi, kwa hiyo mimi sikuwa na pahali ndani. Nikabaki jikoni uani. Mkwe nilimtengea meza yake peke yake, kitambaa cheupe, kuku mzima, firigisi juu kabisa, vyote bila chumvi, Akot ndiye aliyempelekea. Oduor, Obita na Concy walikula upande mwingine. Mkwe gani mwingine Kansanga hii amewahi kutengewa meza hivyo?

Kisha mvua ikaja kwa nguvu, na lile banda la jiko likaanza kuvuja juu ya sigiri ya makaa. Nilitoka na sahani yangu, nikasimama ukutani chini ya paa, mgongo ukutani, nikala hivyo. Dirisha lilikuwa wazi. Niliona ameacha kula, ananitazama.

Alikuja mpaka mlangoni. "Mama Akot, ingia ndani. Unalowa."

Sasa mkwe yuko mlangoni, mimi nina chakula mdomoni. Ningefanya nini? Niligeuza uso nikasogea mbele, mpaka pale paa lisipofika, mvua ikaingia kwenye sahani.

Alisimama kidogo. Akarudi. Alipoondoka niliikuta meza yake karibu kama nilivyoiandaa, firigisi juu kabisa, na sahani ameifunika kwa pembe ya kitambaa cheupe.

Concy alisema, "Wewe Celestine, umeweza." Na mimi nilijivuna, nikiwa nimelowa mpaka ndani.

Jumanne, 18 Aprili

Hakuja.

Jumatano, 19 Aprili

Mvua. Hakuja. Nimemaliza gauni la bi harusi, sikumwonyesha mtu.

Alhamisi, 20 Aprili

Akot ameingia saa ya chakula, amekaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua koti.

"Anaondoka, mama. Ameandikia chuo kwamba hataendelea. Jumatano ijayo anapanda ndege."

"Anaumwa?"

"Mama, kwa nini ulisimama kwenye mvua?"

"Kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

"Ya mkwe. Kwani sisi ni watu wa namna gani?"

Alinitazama. Alianza kucheka, halafu kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa mikono ya koti.

"Mama, mimi naandika kitabu chake. Basi. Yeye bado analala na picha ya mke wake kando ya kitanda, na mimi simtaki mtu yeyote sasa hivi, hata kijana. Nani alikuambia ni mkwe?"

Nikataja mwavuli. Ulisikika mdogo sana kutoka mdomoni.

"Unajua amesema nini?" akasema. "Amesema alivuka bahari yote, na mwanamke wa nyumba ya kwanza aliyoingia alificha mikono asimguse, akaweka ukuta wa nguo, na mwishoni akachagua mvua kuliko kukaa naye. Hakusema kwa hasira. Amesema huenda bibi yake alimdanganya, huenda hakuna mtu huku anayewangojea."

Nikaviona tena moyoni viatu vile vya chini ya pazia, vimeelekea kwangu.

"Nenda mweleze," nikasema. "Mwambie ni mila."

"Nimemwambia. Ameshukuru sana. Amesema ni jambo la kuvutia. Bado anafunga mizigo. Mama, maelezo ni kitu anachopewa mgeni."

Aliondoka na kurasa zake za tarehe ndani ya mfuko wa plastiki. Alitembea kwenye mvua bila kuharakisha, na mwavuli wake hakuufungua.

Ijumaa, 21 Aprili

Nimekasirika. Nimekasirika na Akot kwa kutonieleza, na Oduor kwa kuwa aliniambia nimwulize, na Concy kwa habari zake za majani. Nimekaa kwenye cherehani sikushona. Mke wa mchinjaji amepita, akauliza, "Mkwe hajambo?" Nikasema hajambo. Ndivyo nilivyosema.

Kumweleza mtu hakutoshi, hilo Akot amesema kweli. Kitu kinachotosha ninakijua. Nikae naye meza moja, nimpe mkono, tule pamoja, na wale wale walioona Pasaka waone. Mwanamke akila na mwanamume meza moja mbele ya Concy, huyo mwanamume si mkwe, na kesho yake Kansanga yote itajua kwamba Celestine alining'iniza pazia mwezi mzima kwa ajili ya mtu aliyekuja kuandikwa kitabu. Watacheka mpaka mvua iishe. Mimi ningecheka, kama angekuwa Concy.

Nilimwambia Oduor hayo yote. Alikuwa akiutazama ule mwavuli, anaufungua na kuufunga.

"Watacheka wiki ngapi?" akauliza.

"Nyingi. Wiki nyingi."

"Na kitabu cha Akot ni cha wiki ngapi?"

Nikamwambia akamwalike mgeni kwa chakula cha kuagana. Mtu yule ana adabu, kwa Oduor hatakataa.

Jumapili, 23 Aprili

Amekuja. Suti ya safari, viatu vimepigwa rangi. Concy na Obita walikuwa wameketi tayari. Pazia lilikuwa limefungwa, mimi nyuma yake nimevaa gauni la Matawi, na miguu yangu haikutaka.

Niliwasikia wakisalimiana. Nikamsikia akimwambia Oduor, "Nimekuja kushukuru kwa chakula." Sauti ya mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe watoto.

Nilipanda juu ya kiti cha cherehani, nikachomoa ukutani waya wa pazia, lote likaanguka chini pamoja na vumbi. Wote wakageuka. Nikateremka, nikavuka juu ya kasuku, nikaenda mpaka alipo, nikamnyooshea mikono yote miwili.

"Karibu," nikasema. "Mimi ndiye mama Akot."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake katika mji asioujua. Mikono yake ni ya baridi na mikubwa, kwenye kiganja ana alama ya kuungua, ya zile pasi bila shaka. Hakuiachia mikono yangu upesi.

Kisha Concy akasema, "Sasa mama mkwe ameshika mkwe," na Obita akamkanyaga mguu.

"Hakuna mkwe hapa, Concy," nikasema. "Nilikosea. Huyu ni mgeni wangu, na leo nakula naye. Sogea."

Concy akasogea. Niliketi mbele ya mgeni meza ile ile, nikapakua ugali, samaki ngege, mboga. Sahani moja kubwa, watu wote mikono ndani. Kando yangu nilikuwa nimeweka kisahani cha chumvi, ile ya mawe kutoka ziwa la Katwe, niliyoitwanga mwenyewe. Sikumwambia kitu. Nilitia kidogo kwenye mboga upande wangu, nikala.

Tulikula. Obita alianza kusimulia habari ya mwizi wa nyanya. Mgeni alikuwa akimsikiliza, lakini macho yalikuwa yanaenda kwenye kisahani na kurudi. Mvua ikaanza kwenye mabati, hapo hapo, kwa nguvu ile ile ya Pasaka. Aliniangalia nilivyoketi, pakavu.

"Mama Akot," akasema, "nisogezee chumvi."

Nikasogeza. Alichukua kwa vidole viwili, akaitia kwenye samaki, akatafuna polepole. Macho yakajaa maji. Akasema ni kali. Nikamwambia chumvi ya Katwe haina mchezo. Akachukua tena.

"Sasa umekuwa mzito," nikasema. "Utapandaje ndege?"

"Jumatano?" Alimgeukia Akot, ambaye alikuwa ameacha kula. "Sidhani kama itaniinua."

Jumatatu, 24 Aprili

Wamecheka. Mchinjaji amecheka mpaka ameegemea nyama. Nimewaacha.

Jumanne, 2 Mei

Sasa wanafanya kazi upande wangu. Amehamisha kiti chake karibu na cherehani, anasema ameshazoea kusimulia kwa mlio wake. Akot anakaa kwenye rundo la vitambaa na daftari magotini. Leo hakuuliza tarehe hata moja. Alisimulia mke wake alivyokuwa akimsomea magazeti huku akimenya ndizi, na jinsi baada ya kumzika mashairi yaliacha kumjia kabisa, akabaki na hadithi ndefu tu, kwa sababu hadithi ndefu inavumilia nyumba isiyo na mtu. Akot aliandika kimya. Nilipunguza mguu kwenye cherehani ili hadithi isikatike.

Jumamosi, 13 Mei

Mvua ndogo. Nimemwomba anisomee kitu chake chochote. Amesoma ukurasa mmoja na kunitafsiria. Kuna bibi anayeoka mikate. Ukurasa ni mzuri, ila amesahau kusema bibi alivaa nini. Nimemwambia.

Alhamisi, 18 Mei

Kitenge cha pazia kilikuwa kimekaa chini ya meza tangu siku ile. Nimekikata shati. Vipimo sikumchukua, niliviona.

Ijumaa, 26 Mei

Amesoma ukumbini chuoni, watu wamesimama hadi milangoni, mimi na Oduor safu ya mbele kabisa, Concy nyuma yetu. Ametoka akiwa amevaa lile shati. Kasuku mmoja kifuani, mmoja mgongoni, na nilivyowapanga hakuna aliyekatwa mdomo. Maprofesa wamevaa tai, na yeye peke yake ndiye aliyeonekana.

"Hiyo si ile pazia?" Concy akasema, na watu wa safu tatu wakasikia.

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Tazama vifungo."

Alisoma kutoka kwenye hadithi zake. Mwishoni alitoa karatasi moja mfukoni, akasema hili ni shairi, na ni jipya. Akot alinishika goti. Lilikuwa fupi, la Kiingereza kigumu, sikulielewa lote. Nilisikia mvua ndani yake, na sahani.

Jumanne, 30 Mei

Ameondoka leo. Jua kali, barabara imekauka, vumbi limerudi. Akot amemsindikiza mpaka Entebbe, na amerudi moja kwa moja kwenye meza yake anaandika. Hata chai hakutaka.

Mchana ameingia mteja mpya, mwanamke kutoka Ggaba, anataka gauni la ubatizo. Ameona ukutani picha yetu tuliyopiga ukumbini, akauliza huyu mwenye shati la ndege ni nani. Nikamwambia ni mwandishi wa vitabu, mshairi, tuzo ya London, kitabu cha maisha yake anakiandika binti yangu.

"Ni mkwe wako?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Mkwe hawezi kula nami. Huyu tulikula naye."